Kilima cha Baba Mkwe

Jirani, mwanao wa kiume akikuletea habari za kuoa, usimuulize binti kasoma mpaka wapi. Usimuulize anapika nini. Muulize swali moja tu: kwao kuna mlima? Akisema upo, mwambie atafute mwingine, Pwani yote hii wasichana wamejaa na ardhi imelala chali. Mimi nilipoposa, washenga walikaa tangu asubuhi mpaka jua linazama. Ikatajwa mahari. Ikatajwa mbuzi, blanketi la bibi, jembe la babu, hadi kreti za soda zikaandikwa kwenye daftari. Hakuna mzee hata mmoja aliyefungua mdomo akasema jamani, ng'ambo ya nyumba kuna kilima, na mkwe atapandishwa.

Kwao mama watoto ni Mufindi. Toka Dar unakaa kwenye basi mpaka miguu inavimba. Unapita Mikumi unawaona twiga bure, hiyo ndiyo faida pekee. Unapanda Kitonga huku unatubu. Unafika Iringa unashusha pumzi, unaambiwa tulia, bado. Ndipo unashuka Mafinga, mwezi wa saba, na shati la mikono mifupi. Baridi niliyokuwa naijua mimi ni ya kwenye friji la Mangi. Unafungua, unachukua soda yako, unafunga, imeisha. Kule wameiacha wazi. Mji wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mimi ni mtoto wa Mbagala, mtu wa usawa wa bahari kabisa, tena mvua zikinyesha nakuwa chini yake.

Nikapewa koti la baba mkwe. Zito, la zamani, mikono inafunika vidole, pindo linapiga magoti. Nikiongea mvuke unatoka mdomoni. Watoto wa shemeji wamenizunguka. "Anko, ongea tena." Nikaongea. Wakacheka. Nikanyamaza, mvuke ukatokea puani. Hapo ndipo wakakimbia kuwaita watoto wa jirani.

Sasa mzee kamaliza uji wake, kaweka kikombe chini, akasema, "Mkwe, leo nataka ukaione miti." Wewe unajua, ukweni hakuna kukataa. Ukweni ukipewa mwiko ushike, unashika, wa nini hujui. Nikasema, "Ndiyo, baba." Nikauliza tu kwa adabu kama miti haionekani kutokea hapa uani. Mzee akanyoosha fimbo. Ng'ambo ya bonde kuna kilima. Kimejaa miti ya paina toka miguuni mpaka utosini, mistari imenyooka, ukungu unapita katikati. Shemeji akaniambia, "Usiwe na wasi, shem, kenyewe kadogo. Watoto huwa wanakwenda na kurudi chai haijapoa." Na kweli kutokea uani kilikuwa kadogo. Nilikipiga picha, kikaenea chote kwenye simu. Kitu kinachoenea kwenye simu kitamshindaje mtu?

Nikavaa raba zangu nyeupe. Zile za mtumba wa Karume, nilizovutana na mama mmoja mpaka akaniachia. Mama watoto akazitazama. Akamtazama kaka yake. Wote wawili wakatazama pembeni. Hawa watu wana tabia ya kukuonea huruma kimyakimya, wakati ushauri wanao.

Kupanda kilima, jirani, kunaanza kwa kuteremka. Hili nalo hakuna aliyenieleza. Unateremka bondeni kwanza, unaupoteza urefu wote uliokuwa nao bure pale uani, halafu ndipo unaambiwa haya, sasa tunapanda. Nikauliza kwa nini wasiweke daraja la moja kwa moja, uani mpaka kileleni. Mzee hakujibu. Mzee huwa anajibu maswali anayoyapenda.

Chini kule kuna vinyungu. Ni bustani za bondeni, ardhi ina unyevu hata kiangazi, huko juu kumekauka wao wanakula mahindi mabichi, maharage na mboga. Matuta yamepangwa vizuri, katikati kuna kinjia. Kinjia upana wake ni mguu mmoja wa Mhehe. Mimi ninayo miwili na yote inataka kukanyaga. Wa kulia ukaenda pembeni. Ukazama mpaka kwenye ugoko. Nikavuta. Mguu ukatoka, raba ikabaki, nikaisikia kule chini inakunywa. Mtoto wa shemeji, wa darasa la pili, akaingiza mkono akaitoa, akaisuuza mferejini, akanivalisha. Akanifunga na kamba. Mwanamume mzima, mahari nimebakiza kidogo tu, nafungwa viatu na mtoto wa darasa la pili, na baba mkwe kasimama anangoja.

Nikauliza mto uko wapi, maana nilishaambiwa kuna mto. Wakasema ndio huo. Jirani, kijito cha kuruka mbuzi! Nikacheka kidogo. Bora nisingecheka, maana shemeji kasomea misitu Olmotonyi, kule Arusha, na tangu arudi hawezi kukaa na kitu bila kukieleza. Akanishika bega. Hiki kijito kinaingia Ruaha Mdogo. Ruaha Mdogo inapita Iringa, inakwenda kuingia Ruaha Mkuu. Maji yanafika bwawa la Mtera, yanazungusha mitambo ya umeme. Yanateremka Kidatu, yanazungusha tena. Yanaingia Rufiji, yanakuta bwawa la Julius Nyerere, yanazungusha mara ya tatu, ndipo yanaruhusiwa kwenda baharini kupumzika. Nikayaonea haya. Maji yana ajira tatu, mimi hata moja ya kudumu sina. Lakini na mimi nina dukuduku langu. Nikasubiri wametangulia, nikainama, nikayaambia maji kwa sauti ya chini kwamba kule kwetu umeme huwa unakatika dakika ya themanini na tano, timu ziko sare, sasa kama ni nyinyi mnaozubaa njiani na hivi vinyungu, mjirekebishe. Nikageuka. Mzee kasimama nyuma yangu. Kasikia yote.

Cha kuvukia ni gogo. Moja, la paina, limemenywa gome, lina umande. Watoto wakapita mbio. Mzee akapita na fimbo yake wala haigusi chini. Mimi nikapita kwa makalio. Nilikaa, nikajisogeza, nikakaa tena. Koti likafuta umande wote, waliokuja nyuma yangu wakapita pakavu. Hakuna aliyeshukuru.

Sasa ndiyo kilima. Watu wanaojua barabara huwa wanazungusha. Kitonga yenyewe, na yale malori yake, wameikatia kona. Hapa tukapandishwa mstari mmoja wima, toka bondeni mpaka juu, pamefyekwa pamebaki kipara. Nikauliza aliyechora njia hii alikuwa na ugomvi na nani. Shemeji akasema hii siyo njia ya watu, shem, ni njia ya moto. Kumbe mwenye shamba la miti anafyeka ukanda kuzunguka shamba lake. Majani yakikauka, mwezi wa tisa, wa kumi, moto ukaanzia kwa mwingine, ukifika pale unakosa cha kula, unasimama. Nikamwambia nimeelewa. Mimi nilikosa pumzi, nikasimama. Njia inafanya kazi.

Halafu hewa ya kule wameipunguza. Usinibishie, nimeivuta mwenyewe. Unavuta kifua kizima, unapata robo. Shemeji akaanza kueleza kwamba ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi kwa sababu kadha wa kadha. Nikamnyooshea mkono anyamaze, maana hata kusikiliza kunakula pumzi. Moyo umehamia masikioni. Goti la kushoto linaongea, la kulia linaitikia. Nikajikaza kisabuni. Nikabuni na mbinu, nijifanye napenda mazingira. Nasimama, nanyoosha kidole. "Ule ni mti gani?" Paina. Napumua. Naenda kidogo. "Na ule pale?" Paina. Napumua. "Na ule mrefu?" Mzee akageuka. "Mkwe, kilima kizima ni paina." Mbinu ikafia hapo.

Kuna vijana wakaanza kuteremka. Mabegani wamebeba mbao mbichi, ndefu, zinanesa, na wanakuja mbio kwa sababu mzigo wenyewe unawasukuma. "Njia, njia!" Nikaruka pembeni. Wamepita wanaongea habari za mpira. Wanaongea, jirani! Na mbao begani! Nikakaa chini kidogo ili niwafikirie vizuri.

Nikiwa nimekaa hivyo, akatokea bibi wa mama watoto. Huyu bibi tulimwacha nyumbani. Tulimwacha amekaa, anachambua maharage, nikamuaga mwenyewe kwa mkono wangu. Sasa anakuja na mzigo wa kuni kichwani. Hatoki chini, anatoka juu! Ina maana alipita mahali akatupita, akafika, akaokota kuni, akafunga, sasa anarudi kupika. Akasimama, mzigo hautikisiki, akaniamkia kwa Kihehe, "Kamwene, mume wangu." Mimi pumzi sina, akili imebaki bondeni, mdomo ukajibu wenyewe: "Marahaba, mama."

Nimeitikia shikamoo ya bibi kizee ambaye hata hakunipa. Watoto walianguka chini. Mmoja alibingirika mpaka akazuiwa na mti. Mzee akakohoa, akaangalia mawingu. Bibi akanitazama toka rabani mpaka kichwani, akasema, "Haya," akaenda zake. Ile "haya" ndiyo iliyonitisha.

Tukaacha njia ya moto tukaingia ndani ya miti. Nikasema afadhali, kuna kivuli. Ndani mle hakuna nyasi, ni sindano za paina tupu, zimedondoka miaka na miaka, zimekuwa zulia. Na raba zangu soli zake mwenye nazo alishazimaliza hukohuko Ulaya. Napanda hatua moja, narudi nayo. Kuna mahali nilitembea kwa nguvu zangu zote na bado nikabaki na mti uleule. Nikakanyaga tunda la paina, lile gumu lenye magamba, likanipeleka chini hatua zote nilizokuwa nimezilipia.

Ila harufu ya mle ndani naijua. Nikanusa. Nikanusa tena. Furaha ikanijaa, kumbe na mimi kuna kitu nakijua huku. Nikawaambia kwa sauti, "Hii ni harufu ya choo cha baa!" Kimya. Hata ndege wakanyamaza. Nikaona nifafanue: ile dawa ya kudekia. Shemeji akanitetea, akasema ni kweli, mafuta ya paina hutiwa kwenye dawa za usafi. Lakini mzee alikuwa keshachukua la kwake, kwamba mkwe wake vyoo vya baa anavitambua kwa pua, tena kwa furaha.

Miti mingine huko imechunwa gome upande mmoja, imekwanguliwa michirizi, chini pametundikwa kimfuko cha plastiki. Nikadhani ni dawa za kienyeji, nikazunguka mbali. Kumbe wanagema utomvu. Unadondoka taratibu, unakusanywa, unaenda viwandani, unatokea gundi, unatokea vitu vya kutia kwenye rangi. Nikauliza kwa nini wasigeme ulanzi wakaachana na hii gundi. Nikaambiwa ulanzi unatoka kwenye mianzi, tena ni wa wakati wa mvua, nimekuja wakati mbaya. Kitu chochote kizuri cha kule mimi nimekuja wakati mbaya. Nikaegemea mti kwa huzuni. Ndio huohuo unaogemwa. Bega likashika. Nikalibandua kwa mkono, mkono ukashika. Nikaubandua mkono kwa mkono wa pili, sasa viganja vimegandana mbele ya kifua, nimesimama mbele ya baba mkwe wangu, nimeinama kidogo. Mzee akadhani nimekuja kuomba muda kwa lile deni la mahari. Akasema kwa upole, "Sema tu, mkwe."

Tukafika kwenye shamba lake. Jirani, pale ndipo nilipoelewa kwamba nimetembezwa benki. Mzee haonyeshi miti, anaonyesha shughuli. Mashina yale ndiyo ada ya Olmotonyi, yameshakwenda. Ile mirefu ni mabati ya nyumba. Hii ya katikati ni ya matibabu na misiba. Ile midogo kule ni ya wajukuu. Mlingoti ukiukata unachipua wenyewe, ila paina ukiikata imekwisha, unapanda upya. Ng'ambo, vilima kwa vilima mpaka macho yanachoka, ni shamba la miti la serikali la Sao Hill, kubwa kuliko mengine yote ya miti nchini, eneo lake linapita hekta 100,000. Huko paina inaweza kungojwa mpaka miaka 25. Wanakijiji wenye ada za watoto hawangoji hivyo. Nikauliza Sao Hill yote ile anapalilia nani. Swali likapotea msituni.

Nikaona nijirudishie heshima, maana ujenzi naujua. Nyumba yangu ya vyumba viwili, paa lake ni mbao ya Mafinga, mbili kwa nne, nimedunduliza mpaka nikaezeka. Nikausogelea mti mmoja nikaugonga kitaalamu. "Huu wa kenchi huu." Nikaugonga wa pembeni. "Na huu pia." Nikamgeukia mzee. "Sasa baba, miti ya papi mmepanda upande gani?" Shemeji akakaa chini. Akashika tumbo. Eti kenchi na papi ni mti mmoja! Wanaleta mashine ya kupasulia wanayoiita ding'dong hukohuko shambani, gogo lilelile linapita, linatoka mbili kwa nne, linatoka papi. Fundi wangu alinihesabia usafiri wa kenchi mbali na usafiri wa papi, akasema zinatoka mikoa tofauti. Yule ni fundi mzoefu, sidhani kama alikosea. Labda ni za zamani.

Nikabadilisha mada, nikasema lakini Mjerumani alifanya kazi, kuleta miti yote hii. Mjini kitu chochote cha zamani tunamwachia Mjerumani. Shemeji, machozi bado yanamtoka, akasema hii ni Pinus patula, asili yake Mexico. Nikamwambia hapo usinidanganye, shem. Mexico naiona kila jioni kwenye tamthilia. Kuna majumba, kuna farasi, kuna watu wanalia kwenye ngazi. Paina sijaona.

Basi akaona anifundishe kabisa. Miti imepandwa mita tatu kwa mita tatu. Ikikua kidogo unaipogolea, unakata matawi ya chini, mbao isije kuwa na vifundo. Halafu unaipunguzia. Akatoa panga akaanza kunionyesha inayostahili kuondoka. Ule umepinda. Ule umedumaa. Ule una vichwa viwili, haujui unakwenda wapi. Ule umewaegemea wenzake. Akasema mti wa namna hiyo unakula mwanga na maji ya wenzake bure, hautatoa mbao hata ungoje vipi, dawa yake ni kuutoa mapema. Mzee anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Halafu taratibu akanigeukia. Mimi wakati huo nimepinda, nimemwegemea shemeji, nahema. Nikanyooka haraka mpaka mgongo ukalia.

"Na wewe, mkwe, huko kwako umepanda mingapi?"

"Upo, baba."

"Upo?"

"Mmoja. Mpapai."

"Unazaa vizuri?"

"Ni dume, baba."

Mzee akatazama upande wa Dar es Salaam kwa muda mrefu. Hakusema kitu. Ningependa angesema.

Kileleni, kama unataka kujua, hakuna kitu. Mimi nilitegemea hata kibanda cha soda. Mtu umepanda vile, kuna jiwe! Watu wanasimama wanatazama bonde, vinyungu vile, kijito kile, moshi wa nyumbani, wanasema pazuri. Pazuri ni pale moshi unapotoka, ndiko tulikotoka, tulikuwa tumeshafika! Nikakaa juu ya jiwe, nikaona nijipoze. Nikatoa sigara. Sikuwahi kuona wazee wa kule wanavyokimbia. Mzee alitoka upande wa pili wa kilele, sigara akaichukua mdomoni mwangu, kiberiti akakichukua mkononi, akavitia mfukoni mwake. Kiangazi, sindano kavu chini, ada za ukoo mzima zimesimama hapo, mimi nawasha kiberiti. Hakunigombeza. Alimwambia mtoto wa darasa la pili, "Mwangalie huyu." Toka hapo nikawa chini ya ulinzi wa mtoto aliyenifunga viatu. Nikienda pembeni kujisaidia, anakuja.

Kuteremka sitakusimulia sana, kwa sababu sehemu kubwa sikuwepo kwa miguu. Zile sindano zilinichukua, nikatangulia. Nilifika bondeni wa kwanza, na hakuna aliyenipongeza.

Nyumbani shughuli ikawa utomvu. Sabuni haioni ndani. Mama watoto akaleta mafuta ya taa, akanisugua viganja, akanisugua bega, akanisugua na shingo ambako wala haukufika, nadhani alikuwa na mambo yake mengine. Utomvu ukatoka. Sasa jioni ukoo umekusanyika, baridi imeshuka, moto unawaka katikati, mahindi ya kuchoma yananukia. Nikasogea. Wote kwa pamoja: "Wewe kaa huko!" Mtu kaloweshwa mafuta ya taa anasogeleaje moto? Nikakalishwa mlangoni, upepo unapoingilia. Hindi langu likawa linaletwa kwa mkono, likipita kwa watu linapungua.

Ndipo bibi akainuka. Jirani, ile "haya" yake ilikuwa inaiva. Akavuka watu, akaja mpaka mlangoni, akapiga magoti yote mawili, akainamisha kichwa, akasema mbele ya ukoo mzima, "Shikamoo, baba."

Wamecheka mpaka mbwa akabweka. Mpaka leo kule siitwi shem wala mkwe, naitwa Babu.

Na mambo hayajaisha. Kicheko kilipotulia mzee akasimama, akasema amefurahi sana, mkwe wake ameipenda miti, alikuwa anauliza kila mmoja jina lake. Kwa hiyo ananikatia ekari moja, ile iliyokatwa, kileleni karibu na lile jiwe. Vigelegele! Mama watoto kalia machozi. Mimi nikapiga hesabu. Ekari moja, mita tatu kwa mita tatu, inameza miche kama 450. Mashimo 450. Inapandwa mvua zikishika, Desemba, Januari, wakati lile gogo la kuvukia lina utelezi hasa. Na miche haipandi kilima yenyewe, inabebwa kichwani, kwa njia ya moto. Halafu palizi. Halafu kupogolea. Halafu kupunguzia, wanitazame tena. Mpaka ifike kuvunwa nitakuwa nastaafu kazi ambayo hadi leo sijaipata. Mama watoto keshaigawa tayari: mistari ya juu ni ya ada, ya katikati ni ya kuongeza chumba, ya pembeni kamwekea baba yake, ya kumalizia mahari yake mwenyewe.

Sasa jirani, ndiyo maana nimekuja. Wewe si ulipitia JKT? Tena hukohuko Mafinga? Nisikilize vizuri. Yale mabuti yako bado unayo? Yale yenye meno chini? Namba ngapi? Arobaini? Mimi navaa arobaini na tatu. Hapana, usijali, yalete hivyohivyo. Nitakunja vidole.